Kinywa Changu Si Buti la Gari

3 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima, nguvu ninazo, na sura bado inasumbua watu. Wewe na wajukuu zangu mnaendeleaje?

Kuna jambo. Yule mhudumu anayekuja Jumanne na Ijumaa kunipima presha na kunifunga bandeji ya mguu, leo kaja na tochi na fomu. “Baba, fungua mdomo.” Nikamuuliza, kwani wewe daktari wa meno? Akasema hapana, wamefundishwa tu kuwaangalia wazee ulimi, fizi na meno ya bandia, wakiona kasoro wampeleke mtu kwa daktari. Nimeendesha lori miaka thelathini na moja, nimevuka mipaka tisa, askari wamepekua mpaka chini ya godoro langu. Hakuna aliyewahi kunimulika kinywani. Nikakifunga.

Sasa niambie ukweli. Umemtuma wewe? Unatafuta sababu ya kunipeleka nyumba ya wazee?

Baba yako

11 Machi

Baba, shikamoo. Sisi hatujambo, wajukuu wanakusalimu.

Fomu hiyo siijui, na mhudumu sijawahi kuongea naye. Lakini na mimi nina swali. Kwenye picha uliyotuma, mkanda wako una tundu jipya, limetobolewa na msumari. Na Jumapili kwenye simu ulisema unakula nyama. Nilikusikia ukinywa, Baba, sikukusikia ukitafuna. Unaficha nini humo?

Mwanao

19 Machi

Marahaba, bibi forodha. Afya njema, mguu unakauka.

Nimemtega huyo mhudumu. Nikamwambia afungue wake kwanza. Akakaa, akafungua mpaka nikaona kilimi cha kooni. Ana pengo, na jino moja limetoboka. Lakini mtu anayekubali upesi hivyo ana lake jambo, nami nikakataa.

Haya, nakwambia wewe peke yako. Meno yangu ya bandia ya chini yalikuwa yananibana tangu Desemba. Mimi nimechonga pedi za breki porini bila fundi, nishindwe na plastiki? Nikayasugua kwa tupa. Yakakaa vizuri siku mbili, halafu pakatoka kidonda, na hakitaki kupona. Mhudumu akikiona ataandika mzee hajiwezi, niishie kwenye kitanda cha chuma kati ya wazee wanaokoroma. Ndiyo maana nakunywa uji.

Baba yako

27 Machi

Baba, shikamoo. Salamu zote baadaye.

Tangu Desemba? Mfungulie. Sikuhamishi, nyumba ni yako na ufunguo ni wako. Nimeandika hapa na kutia sahihi, weka barua hii pamoja na hati zako.

Mwanao

17 Aprili

Baba, shikamoo. Wiki tatu kimya, na simu hupokei. Nimetafuta namba ya mhudumu, nikampigia. Kasema u mzima, lakini habari za kinywa chako nikuulize mwenyewe. Hata mimi mwanao kaninyima. Kuna nini?

Mwanao

21 Aprili

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, na safari hii sijisifu.

Sikupokea simu kwa sababu bila meno nasema kama mtoto mchanga. Ile Ijumaa ya tarehe tatu nilifungua, barua yako ikiwa mfukoni. Mhudumu akaona, akaandika, na Jumanne akanipeleka kwa daktari wa meno. Daktari akayageuza yale meno, akauliza fundi gani kayaharibu hivi. Nikasema simfahamu. Akaniambia nikae bila meno wiki mbili. Kidonda kisipofunga, watakata kipande wapime kama ni saratani. Hilo sikutaka usome peke yako huko uliko.

Wiki mbili zimeisha leo. Mhudumu kamulika, kapapasa fizi kwa kidole, kamulika tena. Kisha akasema, “Baba, pamefunga.”

Fomu yake nimeisoma yote kwa miwani. Nyumba ya wazee haimo. Meno mapya yanatengenezwa, na tupa nimeigawa.

Ila jino lake lile lililotoboka bado hajalipeleka kwa daktari. Nikimuuliza anasema hana nafasi, anaangalia dirishani. Nimenunua tochi yangu. Ijumaa tunaanza na yeye.

Baba yako