Wameanza Kusema "Wao"

Jumanne jioni

Jana watu walikuwa bado wanamtaja yule mfanyabiashara mgeni wa viazi aliyemkata panga Asifiwe, dereva wa bodaboda, kule Isongole. Leo kiwandani, wakati wa chai, Tumaini akasema, "Wageni hao wametuzoea. Waondoke wote."

Mimi pia ni wa kuja. Tumaini anajua, amekula kwangu mara nyingi. Hakunitazama.

Kwetu Burundi nako kulianza hivihivi. Mtu mmoja aliuawa sokoni, na aliyemuua alijulikana kwa jina. Baada ya siku chache jina likasahaulika, likabaki kabila. Baba alisema yatapita. Hatukupata hata mwili wake wa kuzika.

Hapa si kule, najiambia. Polisi wamemkamata aliyekata. Asifiwe mwenyewe, kichwa kimefungwa bandeji, amewaambia bodaboda wenzake, "Aliyenikata ni mmoja. Msiguse nyumba ya mtu." Wamemsikiliza, wametawanyika. Lakini Tumaini hakuwepo kusikia, na wengine wengi kama yeye...

Jioni hii jirani yangu Mama Neema ameniletea ndizi alizopika. Hajawahi kuniletea chakula siku ya kazi.

"Nimesikia maneno ya huko kiwandani," alisema. "Kula, dada yangu."

Nikamwambia tule wote, kisha nikasubiri aanze yeye. Alielewa, niliona usoni. Akamega, akatafuna taratibu, akameza huku ananitazama.

Ndipo nami nikala.