Sikio la Gari

Jumatatu, 5 Mei
Nimetoka nyumbani Musinzira mapema, nikafika Muyinga kabla ya adhuhuri. Simu kumi na mbili njiani, nimepokea zote. Abiria wa Gashoho, katikati ya njia, hawaendi kituoni. Wanampigia dereva awawekee nafasi, asipopokea wanampigia mwingine. Ndiyo teksi yetu hii: mkono mmoja usukani, mmoja sikioni. Miaka tisa, sijakwaruza hata kioo.

Ijumaa, 9 Mei
Siku mbaya. Nilikuwa namleta nyumbani binti yangu Zaina, anasomea uuguzi Muyinga. Mteremko wa Gashoho, simu ikaita. Nikainamisha macho nione ni nani. Kuyainua, baiskeli ya ndizi iko mbele yangu, na mtu juu yake. Nikakata usukani. Mtaroni. Kioo cha pembeni kilikwangua mikungu yake, mwenyewe hakuguswa. Nilimwomba msamaha. Akasema nimshukuru Mungu.

Zaina hakulia. "Papa, mi sipandi tena gari yako." Akasimamisha gari nyingine, akaondoka.

Jumapili, 11 Mei
Zaina amerudi shule na dereva mwingine. Naona aibu hata kumtazama mama yake. Wenzangu kituoni wananiliwaza, ajali haina kinga. Uongo. Hii ilikuwa na kinga: kuacha simu iite. Miaka tisa niliita ustadi, kumbe bahati.

Jumanne, 13 Mei
Simu nimeizima. Abiria wanne wamekwenda kwa wengine. Karibu na Gashoho nikaiwasha. Nikaizima. Nina hasira na kila mtu.

Alhamisi, 15 Mei
Mbele alikaa mama wa Gishubi, mkulima, amekulia Tanzania. Aliuliza kwa nini nimenuna, nikamweleza yote. Akasema, "Iwashe, baba, unipe mimi. Wewe shika usukani."

Akapokea njia nzima. Aliwapanga watu wa Gashoho, mmoja aliyetaka kuchelewa alimgombeza kabisa. Tulipofika walikuwa wamesimama wote, na mizigo yao. Nimecheka mara ya kwanza wiki hii. Kuanzia leo anayekaa mbele ndiye sikio la gari.

Jumatano, 21 Mei
Zaina amepiga. Nilikuwa kwenye kona, fundi cherehani mmoja akapokea. Mkono wangu ulitaka kumnyang'anya. Nikauacha usukanini. Alikuwa anauliza niko wapi. Fundi akamwambia naendesha. Zaina akakata.

Nilisimama Karuzi, nikampigia. Hakupokea. Imeniuma.

Ijumaa, 23 Mei
Zaina alikuwa kituoni Muyinga na begi lake. Hakunipigia kwanza. Amefungua mlango wa mbele, amefunga mkanda, amenyoosha mkono. Nikampa simu.

Kwenye mteremko ule ikaita, akapokea. "Ego, ndiyo, papa iko anaendesha. Sema na mi."

Baiskeli za ndizi zilikuwa sita. Nimeziona zote.