Ndege Niliyemkata Kwenye Kifua cha Baba

Chumba cha nyuma ya karakana,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Hujambo? Mkeo hajambo? Na huyo binti yenu, ameshaanza kutembea au bado anatambaa na kuonja kila anachokiokota sakafuni? Natumaini barua hii itawakuta wote wazima, na kwamba baridi ya huko imepungua. Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu nikakosa raha siku nzima. Siku hizi mtu akikohoa tu nashtuka.

Sisi hapa tunaendelea. Mama anakula, ila lazima umkalie mezani kama mtoto. Goti lake linamsumbua asubuhi, likishapata joto analisahau. Karakana nimeifungua tena tangu juzi. Nimemaliza bango la duka la viatu na lile la kinyozi wetu, yule ambaye kila mwaka anataka mkasi uwe mkubwa kuliko jina lake. Mimi mwili mzima. Moyo sitakudanganya, umevunjika vibaya, na sijui nitauunga na nini.

Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nimejaribu mara tatu, nikaishia kukuuliza hali ya hewa. Kuna maneno uliyasema wiki ya mazishi, uliposhindwa kufika. Ulisema Baba alijimaliza mwenyewe kwa michezo yake. Ulisema mtu mzima na akili zake anakataje picha ya kifua chake ili atengeneze mapambo, na kwamba hilo humsamehi. Mimi nilikuwa nimeshika simu upande wa huku, nikakuacha umalize. Sasa kaa chini, mdogo wangu, nikueleze ilivyokuwa.

Unakumbuka Baba alivyoanguka kutoka kwenye ngazi miaka miwili na kitu iliyopita, akichora ukuta wa duka la dawa. Mbavu mbili. Hospitali wakampiga picha ya kifua, wakampa dawa na ile picha arudi nayo nyumbani. Mbavu zikapona. Kilichobaki ni mkono wa kulia, ulianza kutetemeka na haukuacha. Fundi aliyechora herufi miaka arobaini bila rula akawa hawezi kunyoosha mstari wa shubiri moja. Alishinda kwenye kiti karibu na dirisha akiniangalia nikifanya kazi zake, akinikosoa kila dakika. Kuna siku nilitamani kumrushia brashi.

Ndipo seremala jirani akanipa bonge la nta ya nyuki, ile anayosugulia meza zake. Nikaiyeyusha kwenye kopo la maziwa juu ya jiko la umeme, nikatia unga wa rangi ya buluu uliobaki kwenye kazi, nikaimwaga juu ya kipande cha plaiwudi. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa nachezea tu. Baba akasogeza kiti. Akachukua stensili moja ya zamani, akailaza juu, akapaka nta nyingine ya njano kwenye matundu yake, akaibandua kabla haijaganda. Herufi ikabaki imeinuka, unaweza kuisoma kwa kidole. Akaipapasa, akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ile ya ngazi.

Kuanzia hapo hatukushikika. Kila tukifunga kazi za watu, tunawasha jiko. Tuliiba pasi ya Mama tukawa tunaipitisha juu ya nta ili rangi zishikane na kutiririka. Mama alipokuja kugundua alikuwa tayari amekwenda harusini na mstari wa kijani mgongoni. Alitusema wiki nzima: "Nta mnapiga pasi, mimi nivae makunyanzi? Baba na mwana hamna haya!" Baba alijifanya haelewi anazungumzia pasi gani. Baadaye akamnunulia nyingine, na ile ya zamani ikawa yetu rasmi.

Na mkono wake, Kijiti! Ule ule mtetemo uliomharibia kazi, ukiupa pasi ya moto juu ya nta unachora mawimbi ambayo mimi na mkono wangu mzima sijawahi kuyapata. Nilijaribu kumwiga, nikatoa matope. Alikuwa ananitazama kwa dharau ya mapenzi, kisha ananiambia nirudi nikakate stensili, maana hicho ndicho nilichobaki kukijua. Kukata yeye hakuweza tena. Wembe ulikuwa unamtoka.

Stensili zetu unazijua, za filamu za eksirei zilizotupwa hospitali, ambazo Baba alikuwa akiziomba tangu sisi hatujazaliwa. Sidhani kama kuna watoto wengine waliojifunza alfabeti kwenye mifupa ya watu wasiowajua. Nilikata majani, samaki, viatu, masikio ya sungura. Nilikata uso wa mbuzi nikasahau kuacha madaraja, vile vijiti vyembamba vinavyoshikilia sehemu za katikati, na macho yote mawili yakadondoka sakafuni. Baba alimning'iniza yule mbuzi kipofu ukutani, kila mteja akiingia anaambiwa hiyo ni kazi ya mrithi wake.

Sasa nafika pale ninapopaogopa.

Binti yenu alipozaliwa nilitaka kumtumia kitu cha maana. Nikawaza ndege, mbawa zimefunguka, amelala ndani ya nta nyeupe inayopitisha mwanga. Filamu za zamani zilikuwa zimekauka, ukizipinda zinapasuka. Nilivuta droo nikaona moja juu kabisa, mpya, laini, nyeusi sawasawa. Nikaiinua dirishani kama Baba alivyotufundisha, ili tujue tunakata mifupa ya nani. Kwenye kona kulikuwa na jina lake. Nililisoma, Kijiti. Nilisoma jina la Baba, nikajiambia mbavu zimeshapona, hii ni ya nini tena, nikachukua wembe.

Baba alipomwona yule ndege alimsifia sana. Sikumwambia nimemtoa wapi, na yeye hakuuliza. Kipande chenyewe cha ndege ndicho nilichokizamisha kwenye nta na kukutumia. Filamu iliyobaki na tundu lake niliirudisha kwenye droo, tukaitumia kama stensili mara mbili tatu. Kwa hiyo yule ndege mweusi aliyetundikwa juu ya kitanda cha mwanao, aliyekufurahisha mpaka ukampiga picha ukatutumia, ametoka upande wa kulia wa kifua cha babu yake.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, kikohozi kikaanza. Daktari akapiga picha mpya, akaona doa dogo kwenye pafu la kulia, juu. Akatueleza vizuri tu, kwa upole. Kama doa hilo lilikuwapo wakati wa ile ajali na halijaongezeka, basi huenda ni kovu la zamani, watalifuatilia taratibu. Kama halikuwapo, Baba apelekwe hospitali kubwa wiki hiyo hiyo. Akauliza kama tunayo picha ya zamani. Baba akajibu kwa majivuno kwamba nyumbani kwetu filamu hazitupwi, akanituma niilete.

Niliitoa kwenye droo ikiwa na michirizi ya nta ya njano. Njia nzima nilikuwa naomba tundu liwe limepita pembeni. Daktari akaibandika kwenye kile kisanduku cha taa, na mwanga mweupe ukapita katikati ya mbavu za Baba wenye umbo la ndege. Bawa la kushoto lilikuwa limechukua pale pale. Daktari akageuka, akauliza nani amefanya hivi.

"Ni mimi, daktari," Baba akasema. "Unajua tena, uzee na mikono isiyo na kazi."

Daktari akautazama mkono wa Baba uliokuwa unatetemeka juu ya goti. Akazitazama kingo za yule ndege, safi, hazina hata jino moja. Kisha akanitazama mimi. Akaandika kwamba kwa kuwa hakuna cha kulinganisha, Baba achague: aende hospitali kubwa akachukuliwe kipande kidogo cha nyama ya pafu kikapimwe, au asubiri wiki nane apigwe picha nyingine. Baba akachagua kusubiri, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeongezewa likizo.

Tulipotoka nje nilianza kulia. Akanishika bega akasema, "Acha hizo. Ningeiona mimi kwanza, ningeikata mimi." Akamwambia Mama kwamba ni yeye aliyeikata, na ndivyo Mama alivyokuja kukwambia wewe baada ya msiba. Akanikataza nisikupe habari za ugonjwa mpaka umalize ule mtihani wako wa kazi. Nikasema sawa, Baba.

Kosa la wembe nadhani ningeweza kuishi nalo. Lipo la pili, na hili Baba hakulijua, hakuna anayelijua.

Tulipofika nyumbani nilikaa karakana nikitazama ile filamu yenye tundu, nikakumbuka kwamba kipande chenyewe hakijapotea. Kipo kwako. Ningekupigia simu tu. Ningekuambia, mdogo wangu, mteremshe yule ndege ukutani, mpashe moto kidogo kwa pasi, nta itayeyuka, mtoe, mwinue kwenye mwanga, utazame bawa. Nusu saa. Ungempiga picha ukanitumia nikaipeleka kwa daktari siku ile ile.

Sikupiga. Nilijiambia ni kwa sababu Baba amekataza. Hiyo ni kweli, lakini ndani yangu najua niliogopa kukwambia nimemkata wapi yule ndege. Niliona haya. Wewe ndiye msomi wetu, wewe ndiye uliyekuwa ukinicheka kwa kuacha shule nishike brashi, na mimi sikutaka unicheke kwa hili. Nikajipa siku mbili za kujikaza. Zikawa wiki. Kila asubuhi nilikuwa naishika simu, kisha nasikia Baba anaita kutoka karakana kwamba jiko limeshapata moto, naiweka.

Na zile wiki nane, Mungu anisamehe, zilikuwa za furaha. Hatujawahi kucheza kama tulivyocheza wakati ule. Alikuwa anamwaga rangi tatu kwa pamoja, anatawanya chumvi juu yake ili aone itafanya nini, anaandika kwa nta maneno ya kumchokoza Mama na kuyaacha mlangoni. Nilimsikia akikohoa kati ya kicheko na kicheko, nikaongeza sauti ya redio.

Picha ya pili ilipotoka, doa lilikuwa limekua na kuzaa mengine. Hospitali kubwa wakasema tumechelewa. Yaliyobaki unayajua.

Sasa umejua kila kitu. Baba hakujimaliza. Kama huniamini, nenda ukamtazame yule ndege, zitazame kingo zake, kisha ukumbuke Baba alivyokuwa akimwagikiwa na chai kabla kikombe hakijafika mdomoni. Mkono ule usingeweza kumkata. Ni wangu, na alinifichia siri yangu mpaka kaburini, na mimi nikakuacha wewe umlaumu wiki sita nzima.

Najua ukishasoma hapa utakwenda kumtoa kwenye nta. Mtoe. Pasi isiwe ya moto sana, asije akajikunja. Mwinue dirishani, utazame kwenye bawa la kushoto. Kama doa lipo, maana yake lilikuwamo siku zote, na daktari angekaa akalitazama tu, na wiki zangu nane hazikumpokonya Baba kitu. Kama halipo, mimi ndiye niliyezipoteza. Nimelala na maswali hayo mawili tangu tulipomzika. Niambie, hata liwe jibu gani. Nataka nilisikie kutoka kwako, kwa sauti yako, na usinionee huruma ukanipa uongo.

Nisalimie sana shemeji, mwambie maua ya nta aliyoyaomba sijayasahau, ila jiko bado sijaweza kuliwasha. Mbusu binti yenu mashavu yote mawili. Mama anawasalimu, anasema ule matunda. Seremala naye anakusalimia. Analeta nta kila Jumamosi kama kawaida na anaiacha mlangoni bila kubisha hodi. Mungu awalinde huko mliko na awape afya, hasa ya kifua.

Mama hajui nimekuandikia haya. Nitamwambia mwenyewe ukishanijibu.

Usipotaka kusema nami tena, nitaelewa. Ila msamehe Baba leo, kabla hujaiinua ile pasi. Hasira yote uliyokuwa nayo juu yake ilikuwa yangu, na naiomba nikabidhiwe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,

Dada Mkubwa