Kisu na Bega

3 Februari

Mdogo wangu Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu, za wifi yako na za watoto, ambao wanauliza kama bungeni mnasinzia kweli au ni picha za magazeti tu. Sisi hatujambo. Mimi mzima, ila simu yangu imeingia maji, ndiyo maana nakuandikia kama watu wa zamani. Usihangaike kupiga.

Habari za mswada wako zimetufikia. Redio ilipoutangaza tulikuwa tunachuna, na kwa mara ya kwanza niliona machinjio nzima imesimama bila mtu kupiga kengele. Eti anayepata homa ya mifugo kwa sababu ya kazi hii atibiwe bure, alipwe akiwa kitandani, na akirudi akute nafasi yake. Wewe umeosha matumbo hapa kabla hujashika chama cha wafanyakazi, unajua ilivyo. Mtu akishikwa na homa leo, kesho kisu chake kiko mkononi mwa mwingine, na meneja anasema pole sana huku anamfungulia lango atoke. Wazee walikupigia makofi kana kwamba uko chumba cha pili.

Sasa kuna jambo. Wabebaji wamenuna. Gogo, kiongozi wao, yule mwenye mabega kama mlango, alinifuata akaniambia, "Kiherehere wenu wa bungeni katusahau." Anasema mswada unawataja mafundi wa kisu peke yao, na wao wanabeba nyama kutoka kwenye ndoano hadi kwenye lori, kisu hawakigusi. Nimemwambia redio imekosea. Tafadhali nijibu kwamba redio imekosea, maana Gogo si mtu wa kununa kimyakimya.

Ndimi kaka yako.

12 Februari

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama na wote wa nyumbani. Mimi ni mzima, isipokuwa nanenepa kwa kukaa. Waambie watoto bungeni tunasinzia, ila kwa zamu.

Redio haijakosea. Nimekosea mimi.

Nimekaa nikajiuliza imekuwaje, mimi wa kuzaliwa mlangoni mwa machinjio. Nadhani ni kwa sababu hiyo hiyo. Pale kwetu mtu huhesabiwa kwa kisu. Meneja akitaka kujua mko wangapi leo anahesabu visu, na hata mimi mwosha matumbo nilihesabiwa kwa kile kisu changu kidogo cha kukwangulia. Kwa hiyo nilipoandika "mafundi wa kisu" nilidhani nimeandika "wote". Mtu wa mjini asiyejua kitu angeandika "wafanyakazi" na asingemwacha yeyote.

Mwenyekiti wa kamati yetu, mama mmoja aliyekuwa mkunga, amenionya. Anasema mswada uliokwisha kupita kwenye kamati ni mlango uliofungwa, ukiufungua kwa ajili ya wabebaji, wenye machinjio nao wataingia na kelele zao. Kikao kinavunjwa mwezi wa tatu. Tukichelewa, ni hadi mwakani, na huenda isiwe tena. Nilimwambia udongo uwahi ungali maji. Nimeufungua.

Mwambie Gogo. Halafu niambie mbona mwandiko wako umelegea hivyo, unaandikia juu ya goti? Na nunua simu.

Mdogo wako.

20 Februari

Mheshimiwa,

Salamu sana. Hatujambo kiasi.

Sitaandika mengi. Nilimwambia Gogo akafurahi, lakini meneja amefika kabla ya furaha yake. Sisi wachunaji ametuambia kwamba mbunge wetu ameurudisha mswada kwa ajili ya wabebaji, na ukianguka tukawashukuru wao. Wabebaji amewaambia kwamba wachunaji wamekulilia uwatoe. Ametutwanga kwenye kinu kimoja, na sisi tumeingia wenyewe.

Jana wabebaji walikaa chini langoni, hakuna nyama kutoka. Wachunaji wakatoka nje kuwakabili. Unajua sheria yetu ya tangu enzi za baba, kwamba mtu hazungumzi na mwenzake akiwa ameshika kisu. Kisu chini, ndipo neno. Jana walizungumza wakiwa navyo mkononi. Niliwatuliza kwa shida, na safari hii nimeogopa kweli.

Wewe usije. Ukisimama upande wowote utaambiwa umechukua upande, na una kazi yako huko.

Kaka yako.

25 Februari, ndani ya basi

Kaka,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, barabara ina mashimo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, kwa hiyo nilikuja.

Nilifika langoni leo asubuhi nikakuta wabebaji wamekaa upande huu, wachunaji wamesimama upande ule. Katikati pangeweza kupita mbwa tu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya amani tangu kituo cha basi. Kaka, ilinitoka yote kichwani. Nikaona nikianza kusema, kila upande utapokea nusu inayoupendeza.

Basi nikawaomba wachunaji waweke visu chini. Walisita, kisha yule mzee wa kwenye mashine ya maji akaanza, wengine wakafuata. Halafu nikamwambia Gogo anitwike paja.

Akasema, "Mheshimiwa, hili si pochi." Nikamwambia anitwike. Walinipa la fahali, nadhani kwa makusudi. Nililibeba kutoka kwenye ndoano hadi kwenye lori nikiyumba kama mlevi wa mshahara, na pande zote mbili zikacheka, hata nikaona afadhali nidondoke wacheke vizuri. Sikudondoka. Lakini damu ilishuka shingoni, ikaingia kwenye blauzi, ikafika mgongoni, na kila mtu aliiona. Miaka yote ile nimefanya kazi pale, sikuwahi kujua kwamba mbebaji huoga damu kila siku namna hiyo. Nikawaambia nikiwa vivyo hivyo, "Sheria hii niliiandika kwa mkono, nikasahau bega. Kosa ni langu, si la mchunaji. Nimeshalirekebisha, na wa kuiangusha ni nyinyi mkipigana." Gogo alinipa kitambaa nijifute. Wachunaji wakamsaidia kupakia lori lile, na hilo sikuwaomba. (Usiogope, wauguzi walinisafisha hapo hapo, na nitapimwa.)

Ila nilikutafuta. Niliuliza uko wapi, kila mtu akanielekeza kwa mwingine. Mwishowe Gogo akasema una mgongo. Tangu lini wewe una mgongo? Basi lilikuwa linaondoka, na jioni hii nina kamati, la sivyo ningevunja mlango wako.

Sikuulizi tena habari za simu. Nakuuliza jambo moja kubwa. Wenye machinjio wamewaandikia wabunge kwamba hakuna hata mfanyakazi wao mmoja mwenye homa hiyo. Mmoja tu akijitokeza uongo wao umekwisha. Nimewauliza watu wengi, wote wanaogopa, nami nawaelewa. Naogopa kwamba ninayemtafuta ni wewe, na kama ndiwe, je, nikutaje bungeni? Mswada ukianguka nawe umejulikana, utafukuzwa, na ninajua ada za watoto zinatoka kwenye kisu hicho. Ukikataa nitabaki mdogo wako kama kawaida, na sitalitaja tena.

Mdogo wako anayekupenda.

2 Machi

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako, na nilicheka paja la fahali mpaka mbavu zikauma, ingawa siku hizi zinauma bila kuchekeshwa.

Simu haikuingia maji. Iko chini ya mto. Ningepokea ungesikia meno yanavyogongana. Homa inakuja saa za alasiri, inakwenda, inarudi, na magoti hayakunjiki. Ilinianza kabla hata hujausoma mswada mara ya kwanza. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeacha kuutetea kama mbunge ukaanza kuutetea kama dada, na watu wangesema unatunga sheria ya ndugu yako. Pia niliona aibu. Mimi ndiye niliyewafundisha nusu ya wale vijana kuchuna, na nilitaka waendelee kuniona nimesimama.

Niliposoma swali lako nilikasirika. Niliiweka barua nikasema kiherehere amevuka mpaka. Wifi yako akaisoma, akakaa kitandani, akasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye hana mpango wa kuwa mjane wa mtu mwenye mgongo. Kesho yake alinipeleka kupimwa akinishika mkono kama bwana harusi. Homa ndiyo yenyewe. Daktari anasema inatibika, lakini ni dawa za wiki nyingi bila kukatisha, na kupumzika.

Nitaje. Sema kaka yangu wa tumbo moja, mchunaji, ni mgonjwa. Ila uniseme vizuri. Usiwaambie nilikuwa nalia, maana sikulia.

Kaka yako.

19 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo mara mia. Umetumia dawa leo? Sitasoma jibu lolote lisiloanza na hilo.

Umepita. Mswada umepita, kaka, bega na kisu pamoja.

Nilisema ulivyotaka. Nilisema nina kaka, tumbo moja, fundi mchunaji, na amekuwa akificha homa chini ya mto pamoja na simu yake, kwa sababu nchi yetu inamtaka achague kati ya dawa na kazi. Kisha mheshimiwa mmoja mwenye mabucha akasimama kuuliza kwa dharau kaka yangu anafanya kazi machinjio gani. Nikamjibu, "Ile iliyotoa nyama uliyokula mchana, mheshimiwa, na uliiomba mara mbili." Watu walicheka, halafu nikaona kicheko kinakatika mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka sahani yake. Hapo nikawasomea kifungu cha daktari wa mifugo kupima kabla ya kuchinja, maji ya moto, glavu na buti, na hakuna aliyethubutu kukipinga. Wenye machinjio walituma watu wao roshani wakae watutazame. Waliondoka kabla ya kura.

Waliosema ndiyo walitikisa madirisha. Spika aliuliza waliosema siyo, nikasikia mtu mmoja anakohoa. Mwenyekiti wangu mkunga alinikumbatia akasema nimemzalisha. Sasa sheria haisemi mafundi wa kisu. Inasema kila anayefanya kazi ndani ya lango, awe mchunaji, mbebaji, mwosha matumbo au mfagiaji. Inasubiri sahihi tu.

Nimejivunia, sitaki kusema uongo. Lakini nakuogopea, kwa sababu sahihi bado na meneja anasikiliza redio. Niandikie haraka.

Mdogo wako.

30 Mei

Mdogo wangu,

Nimetumia dawa leo. Sasa soma.

Samahani kwa kimya hiki. Baada ya hotuba yako meneja aliniita, akaniambia niache kisu mezani, kwa sababu sahihi haijawekwa na yeye hafuati sheria za redioni. Nilikiacha. Nilipotoka nilimkuta Gogo na paja begani. Aliniuliza kimetokea nini, nikamwambia. Akalishusha lile paja sakafuni, taratibu, akalikalia. Wabebaji wote wakafanya hivyo hivyo, na wachunaji wakaweka visu chini. Hakuna aliyepaza sauti. Gogo alimwambia meneja kwamba nyama inaharibika kwa joto, yeye achague. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimerudishiwa kisu changu na ruhusa ya kuugua. Sahihi ilipowekwa, meneja alikuja mwenyewe nyumbani kuniletea mshahara, akakataa chai.

Homa imepungua sana na magoti yanakunjika. Daktari wa mifugo ameshaanza kazi, kijana mkali, jana amekataa ng'ombe wa tajiri. Na baada yangu wamejitokeza wengine kupimwa, miongoni mwao wabebaji, na wote kazi zao zipo.

Nakuandikia kitandani. Ni mchana, jua limefika mpaka kwenye mto, wifi yako ameacha mlango wazi, na wenzangu wanaokwenda zamu wanapita wakiniona nimelala, wanasimama kunijulia hali. Sijawahi kulala mchana tangu niwe mtu mzima. Naumwa, mdogo wangu, na kila mtu anajua.

Kaka yako.