Mama, Pita Ukawashukuru

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo kutoka Doonside, huku ughaibuni. Kabla hujaniuliza: nakula, nalala, na baridi ya huku nimeizoea. Wewe je, magoti yanakuachia? Simu yako haipatikani tangu siku ya matokeo, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii namtumia mdogo wangu Mwakio kwa simu, aichapishe hapo Voi akuletee, na nimemwambia asiondoke mpaka uisome.

Ameniambia yote. Kwamba tangu ukose kile kiti cha udiwani wa wadi yetu hutoki nje, kanisani huendi, na chama cha akina mama umewaachia wenyewe. Eti ulisema, "Nitawatazama kwa uso gani?" Mama, nililia ndani ya treni mpaka mzungu mmoja akanipa tishu.

Sasa sikia habari ya bibi ninayemhudumia kule Campbelltown. Anaitwa Bi Lin, ametoka Taiwan, na bintiye ndiye aliyemleta huku alipozeeka. Mimi namwogesha, namkanda miguu, nampikia uji wa mchele. Kumbe kikongwe huyu alikuwa diwani wa jiji kwao! Alianza kwa kuuza tambi sokoni. Mtaro ulikuwa ukifurika hadi ndani ya vibanda, yeye akawa msemaji wa wenzake, mwisho wakamsukuma agombee. Akapita, akakaa kwenye baraza la jiji miaka mingi. Anasema kazi ya diwani ni mitaro, taa za barabarani na matanga. Hakuna msiba mtaani aliokosa, na meya akileta bajeti alimbana kwa maswali hadi jasho likamtoka. Hata leo nikimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, anawapungia majirani mkono kama anayeomba kura.

Juzi aliniona nimenyong'onyea, akauliza kulikoni. Nikamwambia mama yangu amekosa udiwani.

"Ameshapita kuwashukuru?"

"Kumshukuru nani, Bi Lin? Si ameshindwa!"

Alinitazama kana kwamba nimesema wageni wameondoka kwetu bila kusindikizwa. Kwao, kura zikishahesabiwa, wagombea huzunguka mitaani kushukuru, walioshinda na walioshindwa. Mwaka aliobwagwa, mumewe aliwasha pikapu, naye akasimama nyuma na fulana ileile ya kampeni, kipaza sauti mkononi, akapita kila kichochoro akiinama: asanteni, nisameheni, sikufika. Muuza samaki aliyempigia debe mpinzani wake alitoka akamshika mikono yote miwili, wakalia.

"Basi uchaguzi uliofuata ukashinda," nikasema.

"Wapi! Nikashindwa tena." Akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. "Nikapanda pikapu tena."

Nikamuuliza kama hakuona haya. Akasema aliona, sana, lakini waliompigia kura nao walikuwa wameshindwa, na hawakuwa na wa kuwapa pole ila yeye.

Jioni nikawasimulia wa nyumbani. Baba Mkawasi akasema, "Huko kwetu aliyeshindwa huenda kortini, bwana." Lakini mjukuu wako Mkawasi, ambaye siku hizi Kiswahili anakisikia tu, aliinua kichwa akasema, "Tell Bibi I would've voted for her." Yaani yeye angekupigia kura. Nikamkumbatia.

Mama, wapo waliosimama juani kwa ajili yako. Najua inauma. Na mimi inaniuma, na kuwa mbali kunazidisha. Ila sitaki ukae gizani ukidhani umeshindwa peke yako.

Nisalimie shangazi Mghoi, aliyekubandikia picha zako mpaka kwenye banda la kuku. Nisalimie mwalimu wa kwaya aliyekutungia wimbo wa kampeni, na kinyozi wa pale stendi aliyegombana na wateja wake kwa ajili yako. Nisalimie na jirani yetu Mama Mwadime, ambaye najua alimpigia debe yule mwingine. Huyo naye ni wetu.

Salamu hizi zipeleke mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Usimtume Mwakio.

Mwanao anayekupenda,
Wakesho