Vyumba vya Juu vya Fabiola

Uvira, Kasenga, 9 Mei 2024

Fabiola mwanangu,

Bwana asifiwe. Miye niko muzima, ila goti bado linanisumbua. Weye na baridi ya Bruxelles mnaendeleaje? Ninaandika kwa mkono kama kawaida, jirani yetu Félicité atapiga picha na kukutumia.

Ziwa limepanda hadi ndani ya nyumba ya shangazi yako Ernestine. Yeye na binti yake Honorine sasa wanakaa kwangu. Jana tuliangalia tena picha zako: saluni ya kupokelea wageni yenye madirisha marefu, ngazi ya mbao humo humo ndani, vyumba viwili vya juu. Ulisema vya juu havina mtu. Shangazi akauliza, "Honorine hawezi kukaa pale akisoma?" Nikamjibu kwamba damu haifungiwi mlango.

Tutumie barua ya mwaliko.

Papa yako

Bruxelles, 20 Mei 2024

Papa mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Goti ulikande kwa maji ya moto. Mpe shangazi pole yangu kwa nyumba.

Vyumba vipo. Ila karatasi za huku zinachukua muda. Mwambie Honorine avumilie.

Mtoto wako

Uvira, 2 Septemba 2024

Mwanangu,

Uko muzima? Barua zangu mbili hukujibu. Labda kazi ni nyingi.

Honorine alipewa kufundisha darasa la kwanza kule Katogota, akalikataa. Alisema, "Nitaanzaje, halafu niwaache watoto katikati ya mwaka?" Shule imemchukua mwingine. Sweta amekwisha nunua sokoni, zito kweli. Shangazi anauliza barua ya mwaliko itatoka lini.

Papa yako

Bruxelles, 15 Septemba 2024

Papa,

Bwana asifiwe. Mwili wangu ni mzima. Najua Félicité atasoma hii kabla yako. Asome.

Nyumba si yangu. Ni ya mama mmoja wa miaka themanini na nane, ninamwita Madame. Mimi namwogesha, namlisha, namsomea gazeti. Tangu aanguke kwenye ngazi hapandi tena juu, ndiyo maana vyumba vilikuwa vitupu. Picha ya kwanza nilikutumia ili uone ninapofanya kazi. Ukanijibu kwamba umesimama mbele ya kanisa zima kumshukuru Mungu kwa nyumba yangu. Nilishindwa kukusahihisha, kisha nikazoea.

Wiki jana watoto wake wamempeleka kwenye makao ya wazee, na nyumba inauzwa. Tangazo linasema ni dupleksi, yaani nyumba ya ghorofa mbili, ya kifahari katika mtaa wa kihistoria. Kila chumba kimepigwa picha na kupewa jina. Pale ninapolala, nyuma ya jiko, kando ya mashine ya kufua, wameandika: stoo.

Honorine nimemharibia mwaka wake. Sijui niombe msamaha kwa maneno gani.

Mtoto wako

Uvira, 6 Oktoba 2024

Fabiola,

Umepata pa kulala? Hilo unijibu kwanza.

Barua yako nilikaa nayo siku tatu. Nilikasirika. Halafu nikaona kwamba sikukuuliza hata siku moja kazi yako ni ipi. Nilikuwa naangalia madirisha tu. Leo nimeomba neno kanisani, nikasema nyumba ile si ya mwanangu, mwanangu anatunza mzee wa watu. Wengine walicheka. Mzee wa kanisa, Déogratias, alinishika mkono.

Shangazi yako ananuna, lakini tunakula sahani moja. Kesho naenda Katogota pamoja na Honorine. Nafasi yake imejaa, ila mwalimu wa darasa la pili iko karibu kujifungua. Nitaongea na mkuu wa shule. Sikumuahidi Honorine kitu.

Alikataa kabisa kukuandikia. Sasa hivi ananyoosha mkono achukue kalamu.

Papa yako

Dada,

Miezi yote hii nilikuwa najiona nikipanda ile ngazi. Bado nina hasira na weye. Lakini nieleze kazi yako, ile ya kweli. Anza pale unapoamka, usiruke kitu.

Mdogo wako,
Honorine