Tofali ya chini ya télescope

Baba Arielle,

Ukirudi ku soko, sombe iko mu sufuria. Serrure ya mulango, ile kufuli yenye kuharibika, uitengeneze leo. Télescope yangu ya kuangalia nyota iko mu cour, inje, mutu asiiguse, hata na mufagio.

Leo asubui nilikuta picha za nyota makumi ine mu ordinateur. Kumi na mbili za kwanza ziko muzuri, nyota kama punje za mutama. Kisha zote zimekuwa mistari, sababu kamera ndogo yenye kuongoza mashini ya kugeuza télescope ilipoteza nyota yake. Nikabadirisha waya, nikakaza vis zote na bisibisi, nikafunga na kufungua ordinateur mara tatu. Nikagombeza Arielle na mupira wake, bure.

Kumbe ni tofali yangu haiko. Hapa kwetu karibu na équateur mashini inapashwa kuinama sana ili ifuate nyota, njo maana nilipandisha muguu yake moja juu ya tofali. Weye unajua. Nimeikuta nyuma ya mulango. Arielle anasema usiku mulisikia masasi ya bunduki upande wa Bogoro, ukaenda kuikamata ili ukaze nayo mulango, pole pole, juu nisiamuke.

~~Asante.~~ Hapana. Tumekimbia vita pamoja mara mbili, mutoto mu mugongo, na sasa unaniacha nalala kama mugeni. Hata mutoto alijua, miye sikujua.

Picha nitapiga tena. Siku ingine ukisikia masasi, uniamushe kwanza, kisha ukamate tofali.

Mama Arielle